Pampu ya Mafuta Inapochoka Mlimani Kamachumu

Pampu ya mafuta ya gari ina kazi moja: kuitoa petroli tangini, nyuma na chini ya gari, na kuifikisha kwenye injini kwa kiasi na presha inayotakiwa. Kiasi hicho hakitulii. Gari lililosimama likinguruma linakunywa kidogo. Likitembea tambarare linaongeza. Likipanda mlima na abiria na mikungu ya ndizi linadai mara kadhaa ya kile cha awali, na linakidai papo hapo. Ndiyo maana pampu iliyoanza kuchoka haijitangazi gari likiwa limeegeshwa uani, hujitangaza mlimani. Kwa gari linalotoka Bukoba, safari ya kupitia Kemondo hadi Muhutwe inaweza kwisha bila kosa lolote. Pale Muhutwe barabara ya Kamachumu inapoachana na ile ya Muleba na kuanza kuupanda uwanda wa juu, gari lilelile linasitasita, linakohoa, linapoteza nguvu huku dereva amekanyaga mafuta hadi mwisho. Akipunguza mguu linapata nafuu. Akikanyaga tena linakata.

Nafuu hiyo ndiyo ushahidi wa kwanza, na wengi huipita bila kuitazama. Injini inayoishiwa pumzi kwa sababu ya klachi, breki zinazokamata au silensa iliyoziba haipati nafuu ya namna hiyo. Injini inayopata uhai mguu unapolegezwa inasema kwamba petroli inafika, ila haitoshi. Hapo shauri limeanza, halijakatwa.

Shauri lenyewe si dogo. Uwanda wa Kamachumu una kahawa, migomba na maharage yanayopaswa kushushwa sokoni, na una Hospitali ya Ndolage ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, ambako wagonjwa hupelekwa saa yoyote, usiku na mvuani. Gari linalozimika katikati ya mpando likiwa na mama mjamzito ndani yake limekuwa hatari, hata kama asubuhi yake liliwaka kwa stata moja. Kwa upande mwingine, mwenye gari la zamani hana fedha za kubahatisha. Spea ya umeme ikishafungwa garini muuzaji hakubali irudishwe. Fundi anayesema “ni pampu” kabla ya kupima anacheza na fedha ya mtu mwingine, na akikosea mwenye gari anarudi nyumbani na pampu mpya, deni, na ugonjwa uleule.

Magari ya zamani yana pampu za aina mbili, na dalili zake hazifanani. Land Rover nyingi za Series, Peugeot 404 na 504 za kabureta na Corolla za miaka ya 1970 zilifungwa pampu ya kimekanika ubavuni mwa injini. Kamshafti inasukuma mkono mdogo, mkono unavuta kiwambo cha mpira, na kiwambo kinapopanda na kushuka kinavuta petroli kutoka tangini na kuisukuma kwenye kabureta kwa presha ndogo sana, takribani robo ya presha ya hewa ya kawaida. Magari yaliyoingia kwa wingi baadaye ni ya namna nyingine. Kuanzia mwaka 1984, Serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizozipata wenyewe, njia ya magari yaliyotumika ilianza kufunguka, na ya kutoka Japani yakaja kuzijaza barabara za Tanzania: Corolla, Carina, Mark II, Hiace, RAV4. Mengi ya miaka ya 1990 hayana kabureta. Yana nozeli zinazopuliza petroli kwa presha ya karibu mara tatu ya hewa ya kawaida, na pampu yake ni mota ya umeme iliyozama ndani ya tangi lenyewe. Petroli inapita katikati ya mota, inaipoza na kuilainisha.

Pampu ya kimekanika ina adui ambaye ya tangini humkuta mara chache: joto. Imekaa karibu na injini na inafanya kazi kwa kuvuta. Petroli inayovutwa presha yake inashuka, na kimiminika chenye presha ndogo huchemka mapema. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako presha ya hewa tayari ni pungufu kwa asilimia 13 hivi kuliko pwani. Juu ya uwanda inapungua zaidi. Jua la mchana, mwendo mdogo wa gia ya kwanza na injini iliyokwisha kuchemka vikikutana, petroli inageuka mvuke ndani ya bomba, na pampu inabaki kusukuma mapovu. Madereva wa zamani walifunika pampu kwa kitambaa kilicholowa maji, wakasubiri, gari likawaka. Dawa hiyo ni ya kweli, lakini gari linalohitaji kitambaa kila linapopanda linaomba kuchunguzwa zaidi.

Kuipima pampu hiyo si kazi ndefu. Bomba linaloingia kwenye kabureta linachomolewa na kuelekezwa kwenye chupa, waya wa koili unatolewa ili kusiwe na cheche, na stata inapigwa. Petroli inapaswa kuruka kwa mapigo yenye nguvu, kila pigo likijaza. Ikidondoka kivivu, kwanza linatazamwa chujio, na kwa Land Rover kile kibakuli cha kioo kinachokusanya maji na uchafu chini ya pampu, kisha ndipo kiwambo kishukiwe. Kiwambo kilichopasuka huacha alama mbili: petroli inayovuja kwenye tundu dogo chini ya pampu, au petroli inayoingia kimya kwenye oili. Hiyo ya pili ndiyo mbaya. Kijiti cha oili kikinuka petroli na kiwango kikiwa kimepanda, haitoshi kubadilisha kiwambo. Oili yote imwagwe, maana iliyochanganyika na petroli hailindi tena beringi za krankshafti.

Pampu ya umeme haionekani, na kwa hiyo husingiziwa. Njia ya kuipima ni kufuata safari ya petroli na ya umeme hatua kwa hatua mpaka mahali vinapokomea.

Hatua ya kwanza haihusu petroli hata kidogo. Gari linapozima, liangaliwe kama lina cheche wakati huohuo, kabla halijapoa. Kwenye Toyota zenye distributa, koili na kifaa cha kielektroniki kinachoiamuru huchoka kwa joto kwa tabia ileile ya pampu: gari linazima likiwa la moto, linapumzika nusu saa, linawaka kana kwamba hakikutokea kitu. Fundi anayeletewa gari limepoa na linanguruma vizuri hana cha kupima. Ni heri alichemshe na kulipandisha mlima yeye mwenyewe mpaka ugonjwa utokee mbele yake, akiwa na mita mkononi. Tofauti moja husaidia: kosa la cheche kwa kawaida hukata ghafla, kama swichi iliyozimwa, na kosa la petroli hufifia, injini ikikohoa na kuvuta kwa shida kabla ya kufa.

Hatua ya pili ni kufungua kifuniko cha tangi. Tangi linahitaji kuingiza hewa kadiri petroli inavyotoka. Tundu la kupumulia likiziba, ombwe linajengeka tangini mpaka pampu inashindwa kuvuta. Kifuniko kikifunguliwa na hewa ikaingia kwa mlio, na gari likapata nguvu mara moja, pampu haina hatia. Watu wameshanunua pampu kwa sababu ya kifuniko.

Kisha sauti. Pampu nzima hutoa mvumo mdogo unaosikika kwenye mdomo wa tangi au chini ya siti ya nyuma. Hapa kuna mtego ambao mafundi waliojifunza kwa gari la aina moja huangukia. Nissan nyingi huzungusha pampu kwa sekunde chache ufunguo unapowekwa ON. Toyota nyingi za miaka ya 1990 hazifanyi hivyo: pampu inasubiri stata ipigwe, na baada ya hapo inaendelea tu ikiwa kontroli boksi inaona injini inazunguka. Ukimya wa Corolla kwenye ON hauthibitishi kitu. Ili kuilazimisha, chini ya boneti kuna kisanduku kidogo kilichoandikwa DIAGNOSIS. Matundu ya +B na FP yakiunganishwa kwa kipande cha waya, ufunguo ukiwa ON, pampu huzunguka bila injini. Ikizunguka kwa njia hiyo na isizunguke kwa stata, kosa liko kwenye rilei ya pampu au amri inayoifikia, na pampu iachwe ilipo.

Isipozunguka, fyuzi na rilei vinatazamwa, halafu umeme unapimwa kwenye soketi ya pampu yenyewe. Fundi asitosheke na taa ya majaribio. Taa ndogo huwaka hata kwa umeme dhaifu, ilhali mota inataka nguvu. Mita iunganishwe pampu ikiwa imefungwa na inavuta umeme; volti zake zilinganishwe na za betri. Pengo la nusu volti linavumilika. Pengo la volti mbili lina maana kwamba pampu inazunguka polepole na kutoa presha pungufu, ingawa yenyewe ni nzima. Mara nyingi tatizo ni waya wa hasi unaorudi kwenye bodi, pale boliti yake iliposhika kutu. Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu huo haubagui chuma. Kusugua boliti kwa msasa ni kazi ya dakika chache, na huokoa pampu ambazo tayari zilikwisha kuhukumiwa.

Pampu ikiwa ina umeme kamili na haizunguki, ipigwe kiasi: kiganja au mpini wa mbao uligonge tangi kwa chini huku stata ikipigwa. Ikiamka, jibu limepatikana. Brashi za mota zimekwisha, na kugongwa kumezisogeza zikagusa shaba tena kwa muda. Gari hilo liende gereji, lisirudishwe kwenye safari. Itaamka mara ya pili, pengine ya tatu, kisha itagoma pale mlima ulipo mkali zaidi.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni geji ya presha. Kwa nini kisifanywe cha kwanza? Kwa sababu geji ni chache gerejini, na kwa sababu kuifunga kunahitaji kufungua bomba lenye presha. Presha hiyo hupunguzwa kwanza kwa kuchomoa umeme wa pampu injini ikinguruma na kuiacha izime yenyewe. Kwa Corolla za injini ya 4A au 5A zenye nozeli, presha inapaswa kuwa kati ya kilopaskali 265 na 304 mpira wa ombwe wa regyuleta ukiwa umechomolewa, na kushuka hadi kati ya 206 na 255 mpira ukirudishwa injini ikizunguka taratibu. Baada ya kuzima, isishuke chini ya 147 kwa dakika 5. Nambari hizi tatu zina habari nyingi kuliko maneno ya siku nzima.

Ya tatu ikikosekana, valvu ndogo ya pampu inayozuia petroli isirudi tangini imechoka, au nozeli mojawapo inavuja, na ndiyo sababu gari linapigwa stata ndefu kila asubuhi. Presha ikiwa ndogo muda wote, mpira wa kurudisha petroli tangini unabanwa kwa sekunde chache. Geji ikipanda upesi, pampu ina nguvu, na anayeachia petroli irudi ovyo ni regyuleta. Geji ikipanda kivivu au isipopanda, ama filta imeziba ama pampu imechoka. Filta inabadilishwa kwanza, kwa kuwa ni rahisi na kwa kuwa ilikuwa ibadilishwe kwa vyovyote. Pampu inayosukuma kupitia filta iliyoziba ni kama mtu anayepuliza moto kwa bomba lililojaa majivu: anachoka haraka, na moto hauwaki. Pampu nyingi zimeuawa na filta ambazo hakuna aliyezigusa tangu gari litoke Japani.

Zikipita hatua hizo zote na presha bado ni ndogo, umeme ukiwa kamili, filta mpya, kifuniko kinapumua na regyuleta nzima, hukumu inaweza kusomwa. Pampu ibadilishwe.

Ununuzi una hatari zake. Ndani ya gari nyingi, kinachokufa ni kimota chenyewe, si fremu inayokishika pamoja na boya la kipimo cha mafuta, na duka linaweza kuuza kimota peke yake. Kiwe na presha ya mfumo wa nozeli. Pampu ya kabureta ya umeme inafanana kwa umbo na haifai. Spea huja kutoka Mwanza kwa basi au kwa meli, kutoka Gerezani Dar es Salaam, au kuvuka Mutukula kutoka Kampala, na katika njia zote hizo boksi lenye jina la Denso linaweza kubeba kitu kisichotengenezwa na Denso. Pampu ya mtumba iliyotolewa kwenye gari la Japani inaweza kuwa halisi, lakini umri wake haujulikani, na mnunuzi hawezi kuupima kwa macho. Anayelazimika kuichukua aombe ifungwe kwenye betri dukani kwa muda mfupi mno, maana pampu ya tangini ikizungushwa kavu inajiunguza.

Kazi ya kubadilisha ifanywe nje, penye hewa, mbali na jiko la mkaa, sigara na cheche za kuchomelea. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kufuata moto uliko. Ndoo ya mchanga au kizima moto viwe karibu, na nguzo ya hasi ya betri itolewe. Tangi likiwa na mafuta kidogo kazi ni salama na nyepesi zaidi. Kwenye Corolla za miaka ya 1990 siti ya nyuma inainuliwa, na chini yake kuna kifuniko cha bati. Kwa magari mengine hakuna mlango huo na tangi lazima lishushwe, kazi ya watu wawili. Kabla ya kifuniko cha pampu kufunguliwa, vumbi lote linalokizunguka lifutwe na kupulizwa. Vumbi jekundu la Muleba likidondoka tangini linakuwa mgeni wa kudumu.

Mipira inachomolewa polepole kwa kitambaa, fremu inainuliwa kwa kuinamishwa ili boya lisipinde, na mambo manne yanazingatiwa ambayo haraka huyasahaulisha. Waya wa chanya na wa hasi usibadilishwe nafasi: pampu inayozunguka kinyumenyume hutoa mvumo mzuri na haitoi presha. Kichujio cha wavu kilicho mdomoni mwa pampu kiwe kipya, kwa kuwa cha zamani kina uchafu uliochangia kuua ya kwanza. Kipande kifupi cha mpira ndani ya tangi kiwe cha aina inayovumilia kuzama kwenye petroli nje na ndani. Mpira wa kawaida huvimba, hulainika na kupasuka, presha ikapotelea ndani ya tangi na pampu mpya ikalaumiwa. Na gasketi ya kifuniko iwe mpya. Gundi si mbadala wake.

Kabla siti haijarudishwa, pampu inazungushwa na kila kiungo kinaangaliwa kwa macho na pua. Presha inapimwa tena kwa geji ileile, nambari zinaandikwa. Kisha gari linarudishwa palipolishinda. Fundi makini huacha geji imefungwa, mpira wake mrefu ukapitishwa nje ya boneti na uso wa geji ukafungwa kwenye kioo cha mbele kwa gundi ya karatasi, akapanda kutoka Muhutwe na mzigo ndani huku mwenzake akisoma. Presha isiposhuka gia ya pili, mafuta yakiwa yamekanyagwa, kazi imekwisha upande wa injini.

Upande wa tangi unabaki. Pampu ya zamani isitupwe kabla haijakatwa kwa msumeno wa chuma na kutazamwa, ikiwa imekaushwa petroli yote. Brashi zilizolika sawasawa mpaka mwisho na shaba iliyochakaa kwa mistari laini zinaonyesha pampu iliyomaliza umri wake, na mpya itaishi miaka. Kutu na chembe za mchanga kati ya mapanga yake zinaonyesha kosa la tangi au la kilichomiminwa humo. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwabaini wachakachuaji, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuchanganya kusiwe na faida. Hatua hizo hazigusi petroli safi inayomwagwa kwenye dumu chafu na kuuzwa kwa chupa kando ya barabara. Maji yake yanakaa chini ya tangi, palepale mdomo wa pampu ulipo. Rangi ya buluu iliyoungua kwenye bati la mota ni habari nyingine tena: pampu ilipikwa, kwa kawaida na dereva anayeendesha miezi mingi sindano ikiwa kwenye nyekundu, petroli ikiwa chache mno kuipoza. Kwa pampu ya kutu, mpya itolewe, tangi lishushwe, limwagwe, lioshwe na likaushwe, ndipo mpya irudishwe, na filta ibadilishwe tena baada ya mwezi wa kwanza. Kwa pampu iliyopikwa, tangi halina kosa, na kinachotakiwa ni robo tangi ibaki humo kila wakati.